Gari Likilia Ukikata Kona, Usipakie Kwanza

Wiki hii naomba mniruhusu tuweke pembeni kantangaze na mbolea ya kukuzia, tuzungumze habari ya gari. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameingilia kazi ya mafundi. Sawa, waseme. Lakini vijana wengi ninaowatembelea kati ya Handeni na Korogwe siku hizi wana usafiri wao wenyewe: kirikuu, Hilux za zamani, Noah zilizotolewa viti vya nyuma, mmoja mmoja ana Canter. Mazao yanatoka shambani yakiwa salama kabisa, halafu yanaharibikia barabarani kwa sababu ya kitu ambacho kimekuwa kikipiga kelele miezi miwili mizima. Nyanya iliyokaa juani pale Segera tangu saa nne asubuhi ikisubiri fundi haina tofauti na nyanya iliyoliwa na mdudu. Hasara ni ile ile.

Tangu machungwa yaanze kuiva nimeulizwa swali moja na watu tofauti: "Bwana shamba, gari yangu nikikata kona inalia, shida nini?" Swali hilo ni sawa na kuniambia "mahindi yangu yana njano." Njano ya wapi? Majani ya chini au ya juu? Imeanza lini, kabla ya mvua au baada? Hakuna mtu mwenye akili anayenunua dawa kabla ya kujibu hayo. Ila kwenye gari tunafanya hivyo hivyo. Linalia, tunabadilisha shokapu. Bado linalia, tunabadilisha kitu kingine.

Na jambo ambalo ningependa mlishike mapema ni kwamba ukubwa wa kelele haukwambii ukubwa wa hatari. Nitawapa mifano miwili, yote ya mwaka huu.

Kuna dada mmoja upande wa Kabuku, ana machungwa na ana Hilux. Kila alfajiri akiwasha gari na kuligeuza pale uani, linapiga ukelele mkali, "ngwiiii", mpaka mbuzi wanaruka. Majirani wote walikuwa wanajua saa anayoondoka. Yeye aliogopa, akaliegesha siku tatu, akakodi gari la watu kupeleka mzigo Mkata. Tulipofungua boneti tukakuta mkanda unaozungusha pampu ya stelingi umelegea na uso wake unang'aa kama kioo. Ukafungwa mkanda mpya, ukakazwa sawasawa, kelele kwisha. Kazi ya nusu saa.

Wa pili ni kijana wa Misima, analima nyanya na hoho, ana kirikuu. Ya kwake ilikuwa inalia kidogo tu, "kwii, kwii", kama kitanda cha mbao, tena akiwa anageuza taratibu kwenye geti la shamba. Akiingia lami haisikiki. Fundi wa kwanza alimwambia ni shokapu, akabadilisha mbili. Fundi wa pili akasema ni tairodi endi, akabadilisha. Mlio ukabaki pale pale, basi akaongeza sauti ya redio, maisha yakaendelea. Nilimkuta siku hiyo anapakia matenga ya nyanya kwenda Korogwe.

Nikamwomba azime injini, aingie ndani ageuze usukani polepole kushoto na kulia. Mimi nikachutama mbele, nikaweka kiganja juu ya viungo kimoja baada ya kingine. Kwenye bolijointi ya chini ya kushoto nikahisi mtetemo mdogo, kama simu inayoita mfukoni, kila mlio ulipotoka. Raba inayoifunika ilikuwa imechanika. Grisi hakuna. Badala yake kulikuwa na vumbi jekundu lililochanganyika na maji, likawa kama udongo wa kufinyangia. Tulipoinua gari na kushika tairi juu na chini, likacheza.

Akaniuliza swali ambalo mkulima yeyote angeuliza: "Bwana shamba, nyanya zimeshachumwa. Hizi tenga zote nizipeleke wapi?"

Hapo ndipo penye mtihani. Mnunuzi anasubiri, bei ya leo si bei ya kesho, na gari linawaka na kutembea. Kitu pekee kinachosema usiende ni mlio mdogo ambao umeshauzoea. Kijana aliinama akaitazama ile raba, kisha akampigia simu jirani mwenye kirikuu nyingine. Wakakubaliana mafuta na tenga mbili. Faida ya siku hiyo ilipungua, hilo sifichi. Bolijointi ilipokuja kufunguliwa keshokutwa yake, kile kichwa cha chuma kilichomoka kwenye kikombe chake kwa kuvutwa na mkono tu.

Sasa tuelewane hicho kitu ni nini, maana wengi wanakitaja bila kukijua. Bolijointi ni kichwa cha chuma cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, kama nyonga ya ng'ombe inavyokaa kwenye tundu lake. Ndiyo inayoliwezesha tairi la mbele kupanda na kushuka kwenye mashimo na wakati huo huo kugeuka kushoto na kulia. Inaishi kwa grisi, na grisi inalindwa na raba nyembamba. Raba ikichanika, vumbi linaingia, grisi inatoka, chuma kinasaga chuma. Mwanzoni kinalia. Baadaye kikombe kinapanuka, kinaanza kugonga "ko" kwenye mashimo. Na kuna kipindi katikati mlio unaweza kupungua wenyewe, kwa sababu nafasi imekuwa kubwa na vyuma havibanani tena. Watu wanafurahi, wanasema gari limejitengeneza. Halijajitengeneza. Siku kichwa kinachomoka, tairi linalala chini ya gari, na dereva hana tena usukani wa upande huo. Ikitokea kwenye geti la shamba unacheka na kuita fundi. Ikitokea ukiwa umebeba mzigo unateremka kuelekea Korogwe, wanafunzi wako pembeni ya barabara na bodaboda wanakuja mbele, hiyo ni habari nyingine.

Kwa nini huku kwetu viungo hivi vinakufa haraka? Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, ni lami. Handeni hadi Mkata, kilomita 54, lami vilevile. Lakini shamba haliko kwenye lami. Shamba liko ndani, unakata kushoto unaingia njia ya ng'ombe, vumbi jekundu kiangazi, matope masika, visiki mwaka mzima. Gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya mitaa ya Japani linapitishwa humo kila siku. Tena likiwa na mzigo. Kirikuu kule kwao inaruhusiwa kubeba kilo 350. Hiyo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100, na hapo sijaongelea lumbesa. Ninyi mnajua mnapakia mangapi.

Halafu kuna jambo linanishangaza. Vijana wenye trekta, grisi hawasahau. Asubuhi kabla ya kwenda kulima wanazunguka na bomba la grisi, kila nipeli inapata yake, kwa sababu mwenye trekta anajua pini za ekseli ya mbele zikikauka stelingi inakuwa nzito na vyuma vinalika. Mtu huyo huyo gari lake la mzigo halijawahi kukaguliwa chini. Ukimuuliza anasema, "Hii haina nipeli." Ni kweli, gari nyingi ndogo hazina. Viungo vyake vimefungwa kiwandani na grisi yake ndani, huongezi. Lakini kisichoongezewa grisi ndicho kinachohitaji kuangaliwa raba yake, maana raba ndiyo ulinzi wake wote. Hilux nyingi za zamani na Land Cruiser zina nipeli baadhi ya sehemu. Zitafute, zipanguse vumbi kwanza, ndipo upige grisi. Ukipiga bila kupangusa unasukumia mchanga ndani.

Jinsi ya kuutafuta mlio

Anza na tambarare. Breki ya mkono, jiwe nyuma ya tairi, redio zima. Uwe na mtu wa pili, huwezi kugeuza usukani na kusikiliza chini kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza ni kama mlio unatoka injini ikiwa imezimwa. Fungua swichi ili usukani usijifunge, lakini usiwashe. Mwenzako ageuze. Kwenye gari lenye pawa stelingi utakuwa mzito, asilazimishe sana, hata robo ya mzunguko inatosha. Ukilia hapo, achana kabisa na mkanda, pampu na mafuta. Injini haizunguki, mkanda haupo kwenye hesabu. Kinacholia ni kiungo, bushi, beringi ya juu ya shokapu au kitu ndani ya nguzo ya usukani. Usipolia mpaka uwashe injini, hapo ndipo unafungua boneti.

Kwa kipimo hiki kimoja, ambacho hakina gharama, yule kijana wa Misima asingenunua chochote kwa kubahatisha.

Swali la pili ni lini. Alfajiri kukiwa na umande kisha kelele inaisha baada ya dakika chache, mara nyingi ni mkanda. Ukigeuza usukani mpaka mwisho wake tu, angalia mkanda au mafuta ya stelingi. Ikilia siku za jua na kunyamaza siku ya mvua, fikiria raba kavu au kiungo kisicho na grisi, maji yamelainisha kwa muda. Wengi wakiosha gari wanasema mlio umepona. Subiri siku mbili vumbi lirudi.

Injini ikiwa imezimwa, sasa shika. Weka vidole juu ya kiungo, mwenzako ageuze polepole. Kinacholia utakisikia kwa mkono kabla ya sikio, maana sauti hutembea kwenye chuma na inaweza kukudanganya imetoka kulia wakati imeanzia kushoto. Shika bolijointi, shika tairodi endi, shika springi. Springi ikiruka ghafla kwa kushtuka, "dung", badala ya kuzunguka taratibu, beringi iliyoko juu ya shokapu imekwama. Angalia vidole visikae katikati ya springi wakati anageuza.

Kuna mbinu moja ya kizamani nimeitumia mara kadhaa, na nyinyi wafugaji mna kifaa chake nyumbani. Chukua sindano kuukuu ya kuchanjia ng'ombe, vuta oili nzito ya gia (grisi haipiti kwenye sindano), ingiza kidogo ndani ya raba ya kiungo unachokishuku. Geuza usukani mara kumi. Mlio ukipotea, umempata mwizi wako. Lakini hiyo si tiba. Umeshatoboa raba, na oili itatoka ndani ya siku chache, kwa hiyo fanya hivyo kwenye kiungo ambacho raba yake imeshachanika au umeshaamua kukibadilisha. Na sindano hiyo isirudi kwa ng'ombe, tafadhali.

Kukipima kiungo kama kimelegea, inua gari kwa jeki, weka stendi au gogo imara la mti chini ya chesesi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama kijana wa gereji anafanya hivyo kila siku. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, shida ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni bolijointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, angalia tairodi endi na reki endi. Kwenye Hilux zenye amu mbili na msokoto wa chuma uliofungwa kwenye amu ya chini badala ya springi, weka jeki chini ya amu ya chini yenyewe, la sivyo uzito utaibana bolijointi na utaona haichezi wakati imekwisha.

Hilux hizo za zamani zina kitu kingine kinaitwa aidla, mkono mdogo upande wa pili wa boksi la stelingi. Bushi zake zikikauka zinalia sana, na zikilika gari linaanza kutangatanga barabarani. Mafundi wetu wa huku wanaijua vizuri, ila mara nyingi hawaitaji mpaka uulize.

Ikilia injini ikiwaka

Hapa kuna habari njema, kwa sababu nyingi ni za bei ndogo.

Mkanda kwanza. Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukizama sana umelegea. Ugeuze uangalie upande wa ndani: nyufa, sehemu zinazong'aa, au mafuta yaliyomwagikia. Kisha washa, chukua kikombe cha maji, mwagia tone tone upande wa ndani wa mkanda. Kelele ikinyamaza kwa muda halafu ikarudi, mkanda umechakaa au puli haziko kwenye mstari mmoja. Kelele ikiongezeka, mkanda umelegea. Dada zangu, kanga na mitandio mbali. Kaka zangu, mikono ya shati ikunjeni. Mkanda unaozunguka hausamehe.

Msipake sabuni wala oili kwenye mkanda ili unyamaze. Unanyamaza kwa sababu unateleza zaidi. Na kwenye gari nyingi mkanda huo huo unachaji betri au kuzungusha pampu ya maji. Ukikatika porini Kwamsisi saa moja usiku, tatizo si stelingi tena.

Kama kelele si ya kuchana bali ni ya kuvuma, kama mbu mkubwa anayekuzunguka, na inapanda ukigeuza usukani, angalia mafuta ya stelingi. Tangi lake dogo lina alama. Yakipungua, pampu inavuta hewa, na hewa ndiyo inayovuma. Yakiwa na povu, hewa imeshaingia. Yakiwa meusi na yana harufu ya kuungua, yamekwisha muda. Gari nyingi za Toyota za miaka ya nyuma zinatumia ATF, lakini soma kwenye kifuniko chenyewe, usisikilize mtu. Na mafuta ya breki yasiingie humo hata kama yamebaki nusu chupa na duka limefungwa. Yanaharibu sili zote, halafu utabadilisha pampu nzima na reki.

Ukishajaza, toa hewa. Inua matairi ya mbele, injini ikiwa imezimwa geuza usukani polepole mwisho kwa mwisho mara 10 au 15 huku mtu anaangalia tangi na kuongeza. Ndipo uwashe, ugeuze tena. Povu likiisha umemaliza. Na kama mafuta yanapungua kila wiki, usiendelee kujaza kama unamwagilia bustani. Yanaenda mahali. Tazama mipira na raba za pembeni za reki, utakuta zimelowa.

Tabia moja inayoua pampu ni kukunja usukani mpaka mwisho na kuushikilia hapo huku unakanyaga mafuta, hasa mkijinasua kwenye matope. Ule mvumo mnaousikia hapo ni pampu inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda, yanachemka. Rudisha kidogo tu, hata inchi moja.

Wenye Passo, IST na kirikuu mpya mpya: nyingi zina stelingi ya umeme. Hazina tangi, hazina mkanda wa stelingi, kwa hiyo fundi akikwambia anaongeza mafuta ya stelingi mwombe akuonyeshe anayamimina wapi. Zikiwa na hitilafu huwaka taa kwenye dashibodi na usukani unakuwa mzito. Mlio wa kukwaruza ukiwepo bila taa, rudi chini kwenye viungo kama nilivyoeleza.

Vingine kwa haraka

Mlio ukitokea mbele ya kifua chako kabisa, ndani, na chini hakuna kinachotetemeka, mara nyingi ni plastiki ya usukani inasuguana, au ile raba ambayo nguzo ya usukani inapitia kwenda chini imekauka. Inaudhi, haiui. Paka grisi ya silikoni. Usifungue usukani wenye eabegi mwenyewe.

"Ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni jointi ya nje ya draivshafti, si kulia bali kugonga. Kirikuu zinazosukuma kwa nyuma peke yake hamna hiyo mbele.

Kukwaruza "shrrr" usukani ukiwa mwisho kabisa, angalia tairi linagusa plastiki ya madigadi. Linatokea sana kwa waliofunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili gari "likae juu".

Bushi za amu zikilia, usizipake oili chafu wala dizeli. Najua inafanyika, na inanyamaza kweli. Raba inavimba, inakuwa laini kama embe bivu, na baada ya muda unanunua bushi ambazo zilikuwa bado na maisha. Kujua kama ni bushi, zimwagie maji yenye sabuni. Zikinyamaza, umejua. Kisha angalia kama zimepasuka. Kama hazijapasuka, silikoni inatosha.

Ukienda kwa fundi

Usimwambie "inalia." Mwambie: "Inalia injini ikiwa imezimwa, upande wa kushoto chini, tairi linacheza juu na chini, breki ikikanyagwa bado linacheza." Fundi mzuri atafurahi, kazi yake umeipunguza. Anayetaka kukuuzia shokapu atajikuna kichwa. Mwambie pia unataka kuona kilichotolewa. Bolijointi iliyokwisha inajionyesha, ukiizungusha kwa mkono inalegalega au ina mikwaruzo kama kuna mchanga ndani. Nzima inakaza sawasawa pande zote.

Kwenye spea nina msimamo wangu, na wengine watanipinga. Bodi, taa, hata injini, nunua mtumba kama ukipenda. Bolijointi na tairodi endi usinunue mtumba. Imetembea kiasi gani, imelala juani miaka mingapi, hujui. Nunua mpya, ya jina linaloeleweka, na kagua raba yake kabla ya kulipa. Kwa baadhi ya gari bolijointi inauzwa pamoja na amu yake nzima, muulize mwenye duka kwa kumpa namba ya chesesi badala ya kusema "ya kirikuu." Zinatofautiana.

Wakati wa kufunga, nati yenye mataji huwa na pini ya kuizuia isifunguke. Pini hiyo iwe mpya. Nimeona imewekwa msumari, nimeona waya wa kufungia uzio. Pini mpya ni kitu kidogo mno kulinganisha na kazi inayofanya. Na mkibadilisha upande mmoja, kagueni wa pili, maana zote mbili zimepita njia moja.

Baada ya tairodi endi au bolijointi, gari liende kufanyiwa alaimenti. Korogwe mjini wapo wanaofanya, na wenye safari za Tanga wanaweza kuifanyia huko. Ukiacha, utaona ndani ya wiki chache tairi limeliwa upande mmoja, na usukani unavuta kushoto ukiuachia. Piga picha matairi ya mbele siku gari linatoka gereji, upande wa ndani na wa nje, kisha piga tena baada ya safari nne au tano za sokoni, uzilinganishe. Na usiku wa kuamkia siku ya kuchuma, kabla ya kuwaita vibarua na kumpigia mnunuzi, zima redio, ligeuze gari mara mbili pale uani likiwa tupu. Ukisikia kitu wakati huo, nyanya bado ziko kwenye mche, na mche unaweza kukusubiri siku moja.